Mshale Haufuati Jicho: Kutafuta Kosa Kwenye Kamera ya Kufuatilia Macho

Ukiniletea kamera ya kufuatilia macho hapa Mwanga, mjini Kigoma, sitaanza kwa kukuuliza unatumia programu gani. Nitakuuliza inaharibika saa ngapi, na dirisha la chumba linatazama wapi. Wengine hunishangaa, wanaona fundi anakwepa kazi. Lakini nyumba zenye dirisha la upande wa ziwa hupigwa na jua la magharibi kuanzia saa kumi alasiri, na jua hilo mpaka lizame nyuma ya milima ya Kongo linakuwa limeshavuruga kazi nyingi kuliko makosa yote ya programu niliyowahi kuyakuta.

Mtambo ninaouzungumzia ni ule usiovaliwa kichwani. Kamera inakaa chini ya skrini, sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni, na pembeni yake kuna taa ndogo za infraredi, mwanga ulio nje kidogo ya wekundu tunaouona. Kamera inapiga picha ya jicho, kisha programu inatafuta vitu viwili: mboni, na nukta ndogo nyeupe ya mng'ao ambayo taa inaiacha juu ya konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Jicho likigeuka, mboni inahama kuliko mng'ao. Umbali na mwelekeo kati ya viwili hivyo ndio unaotafsiriwa kuwa mahali mtu anapotazama kwenye skrini, na hapo ndipo mshale wa kompyuta unapopelekwa. Wengi wanaokuja kwangu ni ndugu wa mgonjwa: kijana aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi akaumia shingo, mama aliyepigwa na kiharusi akabakiwa na macho tu ya kusemea. Wanafunzi huja pia, ila wao huwa na haraka zaidi.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama zinavyoletwa. Chini ya kila dalili, sababu ninayoikuta mara nyingi inatangulia.

Kabla hujagusa kitu, tazama picha ghafi

Programu karibu zote za aina hii zina dirisha linaloonyesha picha ya kamera kabla haijachakatwa. Lifungue, uhifadhi fremu mia moja hivi, yaani picha moja moja za mfululizo wa kamera, mtumiaji akiwa amekaa kama anavyokaa siku zote. Kisha zikuze uzitazame mwenyewe. Je, unaiona mboni ikiwa na ukingo mkali? Unauona mng'ao, mmoja kwa kila taa, mdogo na mkali? Kama wewe huoni, programu nayo haioni, na kubadilisha namba ndani yake ni kumpaka rangi maiti.

Hesabu moja itakuokoa na lawama nyingi. Airisi, lile duara la rangi linaloizunguka mboni, lina upana wa karibu milimita 12. Kamera ya kawaida yenye pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1280 kwa upana na lenzi ya digrii 60, ikiwa sentimita 60 kutoka usoni, inaona eneo la sentimita 69 hivi. Airisi yote inaambulia pikseli 22. Sasa, jicho likigeuka digrii moja, ambayo kwa umbali huo ni kama sentimita moja kwenye skrini, mboni inaachana na mng'ao kwa takriban milimita 0.07. Kwa kamera hiyo ni sehemu ya saba ya pikseli moja. Hapo ndipo mtu anapolalamika kwamba mshale haugusi herufi!

Badilisha lenzi. Lenzi ya milimita 16 kwenye sensa (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) yenye upana wa milimita 4.8 inaona sentimita 18 tu kwa umbali uleule. Airisi inapata pikseli 85 na ile digrii moja inakuwa nusu ya pikseli. Gharama yake ni kwamba kichwa kinabaki na nafasi ya kusogea sentimita chache tu kila upande. Kwa mgonjwa aliyelazwa hilo si tatizo kubwa. Kwa mtoto asiyetulia ni tatizo.

Dalili: picha ni giza, au uso unaonekana lakini jichoni hakuna mng'ao

Taa haziwaki. Chukua simu, washa kamera ya mbele, zitazame taa kupitia simu. Inayowaka itaonekana ya zambarau au nyeupe. Taa za nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) huonyesha wekundu hafifu hata kwa macho matupu, lakini za 940 hazionekani kabisa, na nimeshaona mtu akitupa seti nzima mpya kwa kudhani zimekufa.

Kama taa ni nzima, angalia kamera. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye lenzi, bonyeza kitufe chochote. Usipoona nukta ikimetameta kwenye picha, kamera yako ina kioo cha kuzuia infraredi, kama zilivyo nyingi za kuzungumzia kwenye intaneti. Kioo hicho ni kidogo, kina rangi ya wekundu au ubluu ukikiinamisha, na kimebanwa kati ya lenzi na sensa. Kinatoka kwa mkono mtulivu. Baada ya kukitoa fokasi, yaani ukali wa picha, itahama, hivyo zungusha lenzi upya mpaka kope moja moja zionekane. Kioo kikivunjika ndani, usipulize kwa mdomo. Vipande na mate vikifika kwenye sensa, kamera imekwisha.

Sababu ya tatu ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500. Ukipachika taa nane kwenye tundu hilohilo la kamera, taa zinafifia, na kamera inaanza kukatika kila baada ya dakika chache. Zipe taa chanzo chake. Hapa simama kidogo: kuunganisha chaja ya simu ya USB ni kazi yako, kufungua kifaa kinachoingia umeme wa volti 230 si kazi yako. Mwite fundi umeme. Na betri ya lithiamu iliyovimba haitobolewi wala haibanwi irudi. Inatolewa nje ya nyumba.

Dalili: jicho limepatikana, lakini alama ya mboni inarukia kope, nyusi au pembe ya jicho

Hii ndiyo dalili inayonileta watu wengi zaidi.

Kama kamera yako haitumii infraredi kabisa, jibu liko kwenye rangi ya macho yetu. Airisi ya kahawia iliyokoza, kwa mwanga wa kawaida, ina giza karibu sawa na mboni. Programu inatafuta ukingo ambao haupo. Usipoteze siku kwa kurekebisha. Kwenye infraredi mambo yanageuka: melanini, rangi asilia ya jicho, haifyonzi sana mwanga huo, airisi inakuwa ya kijivu angavu na mboni inabaki nyeusi kama kisima. Ukilazimika kubaki na mwanga wa kawaida, tafuta duara la nje la airisi, pale linapokutana na weupe wa jicho, badala ya mboni. Ni ukingo mkubwa na unaonekana, ila kope la juu huufunika kwa sehemu, kwa hiyo usahihi wa juu na chini utakuwa dhaifu kuliko wa kulia na kushoto.

Kama infraredi ipo, sababu ya kwanza ni kizingiti kilichowekwa mara moja kikaachwa. Mtu ameandika kwamba pikseli yoyote yenye thamani ya mwangaza chini ya 40 ni mboni. Siku ile ilifanya kazi. Leo mtumiaji amesogea sentimita kumi karibu na taa, mboni imepanda hadi 55, na kitu pekee kilicho chini ya 40 ni kope. Acha kizingiti kipimwe upya kwa kila fremu kutokana na histogramu (hesabu ya pikseli ngapi zina mwangaza gani) ya eneo la jicho lenyewe, si la uso mzima. Ukipima uso mzima, nywele na kivuli cha pua vinaingia kwenye hesabu.

Ya pili ni wanja. Masizi ya wanja na rangi nyeusi ya kope hubaki nyeusi hata kwenye infraredi. Akina dada wa Ujiji wameshanisema sana kwa hili, na mimi siombi radhi: mtumiaji ajaribu mara moja bila wanja. Ikikaa sawa, umepata jibu, na sasa ni hiari yake. Anayetaka kubaki na wanja wake afanyiwe hivi: programu ikubali tu kitu chenye umbo la duaradufu lisilobanwa sana na lenye ukubwa unaowezekana. Mboni ina kipenyo cha milimita 2 hadi 8. Ukijua una pikseli ngapi kwa milimita, mstari mrefu wa wanja unakataliwa hapohapo.

Ya tatu, mng'ao umekaa kwenye ukingo wa mboni na kuumega. Programu inayotafuta kitovu kwa wastani wa pikseli nyeusi itavutwa upande wa pili. Ziba kwanza mng'ao kwa rangi ya pikseli za jirani, kisha tafuta ukingo, kisha pitisha duaradufu kwenye alama za ukingo huku ukizitupa zinazokwenda kombo. Njia iitwayo Starburst, iliyotolewa mwaka 2005, inarusha miale kutoka katikati ya mboni hadi inapogonga ukingo, halafu inachagua kwa bahati nasibu vikundi vidogo vya alama mpaka ipate duaradufu linalokubaliwa na nyingi zaidi. Kope chache zilizoingia njiani hazipigi kura ya kutosha.

Na kuna chandarua. Mgonjwa amelala ndani, kamera iko nje. Fokasi ya otomatiki inakamata nyuzi za chandarua, jicho linabaki ukungu. Inua chandarua, au zima fokasi ya otomatiki na uifunge kwenye umbali wa jicho. Hata hivyo nyuzi zitatawanya mwanga wa taa. Kuinua ni bora.

Dalili: asubuhi safi, jioni kichaa

Nilishalitaja jua. Mwanga wake una infraredi nyingi, na likiingia dirishani taa zako ni kibatari mbele ya moto wa nyika. Uso unaungua kwa weupe, mng'ao unapotea, kope zinatupa vivuli. Jaribio ni dakika tano: ziba dirisha kabisa, rudia.

Lakini usizibe kwa kitenge. Kitambaa kinachoonekana cheusi kwetu mara nyingi kwenye infraredi ni cha kijivu, na kikiwa chepesi kinapitisha. Mtazame mtu aliyevaa buibui kupitia kamera yako, huenda ukashangaa rangi utakayoiona. Tumia kadibodi, ubao, au blanketi zito. Bora zaidi, geuza kitanda ili dirisha liwe ubavuni. Dirisha likiwa mbele ya mtumiaji, jua linampiga usoni. Likiwa mgongoni kwake, kamera inayojipimia mwanga yenyewe inajirekebisha kwa ajili ya dirisha na kuuacha uso gizani. Hiyo ya pili wengi hawaitambui, kwa sababu uso wenye ngozi nyeusi mbele ya dirisha jeupe unamezwa na giza kabla hata programu ya kutafuta uso haijaanza kazi. Zima upimaji wa otomatiki, weka muda wa kupokea mwanga kwa mkono ukilenga jicho.

Ukishindwa kuhamisha kitanda, badili taa. Mvuke wa maji angani hufyonza sehemu ya mwanga wa jua karibu na nanomita 940, kwa hiyo taa za 940 zikiwa na kichujio kinachopitisha rangi hiyo tu mbele ya lenzi hupambana na jua vizuri kuliko za 850. Sensa za kawaida haziioni 940 vizuri, utahitaji taa zaidi. Usikimbilie kuongeza kabla hujafika sehemu ya usalama huko chini.

Njia ya ndani zaidi ni kutoa fremu moja kwenye nyingine. Watafiti wa IBM huko Almaden, Marekani, waliielezea mwaka 2000 wakitumia makundi mawili ya taa: moja limeizunguka lenzi karibu kabisa, lingine liko mbali nayo. Taa za karibu na lenzi zinaingia kwenye mboni na kurudishwa na retina, ukuta wa nyuma wa jicho, moja kwa moja hadi kwenye kamera, mboni inang'aa kama jicho la paka usiku. Taa za mbali haziirudii kamera, mboni inakuwa nyeusi. Washa kundi moja kwa fremu moja, jingine kwa fremu inayofuata, kisha toa. Uso, ukuta na jua viko sawa katika zote mbili na vinafutika. Mboni inabaki peke yake. Udhaifu ni kwamba kichwa kikisogea kati ya fremu mbili, ukingo wa pua na kope nao unabaki. Fremu 60 kwa sekunde zinasaidia kuliko 30. Mwangaza wa mboni pia hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, hivyo jaribu kwa mtumiaji mwenyewe kabla ya kununua vifaa.

Kama tatizo linaanza baada ya giza kuingia, tafuta balbu. Balbu ya zamani ya waya, ile ya njano, inatoa infraredi nyingi na kuacha mng'ao wake jichoni. Koroboi nayo ni hivyohivyo. Programu inachagua mng'ao usio wake. Balbu za LED karibu hazina infraredi. Badilisha balbu, umemaliza.

Ikiwa hata hivyo jioni ni mbaya, mtazame mtu. Kope zimelegea, macho yamekauka kwa kukodoa skrini mchana kutwa. Hapo mtambo hauna kosa. Mpumzishe.

Dalili: mshale unatetemeka hata mtu akitazama sehemu moja

Niliwahi kukaa jioni mbili nikirekebisha vichujio vya mshale, yaani hesabu za kuutuliza, katika nyumba moja. Mtoto wa nyumba akapita, akazima feni iliyokuwa juu ya meza moja na kamera. Mshale ukatulia. Tangu siku hiyo naweka kiganja mezani kwanza.

Baada ya meza, angalia pikseli kwa ile hesabu ya mwanzo. Kisha angalia jinsi kamera inavyoibana picha. Picha ya 1280 kwa 720 isiyobanwa, fremu 30 kwa sekunde, inahitaji megabiti 440 hivi kwa sekunde, na USB 2.0 kwa kauli ya kitabuni ina 480 lakini haifiki huko katika kazi halisi. Kwa hiyo kamera inabana picha yenyewe, na ubanaji huo unakata picha katika vipande vya pikseli nane kwa nane. Ukikuza ukingo wa mboni utaona ngazi na vivimbe visivyokuwepo. Punguza ukubwa wa picha na uombe picha isiyobanwa, au kata eneo la macho tu kama kamera inaruhusu.

Halafu kelele za picha: kamera imeongeza nguvu ya sensa kwa sababu mwanga ni mdogo, pikseli zinachemka. Sogeza taa karibu kidogo kabla ya kugusa kichujio.

Kichujio ni cha mwisho. Hata jicho lililotulia halitulii. Lina mitetemo na miruko midogo isiyoisha, na kutaka mshale usimame kama msumari ni kutaka jicho la glasi. Wastani wa fremu ishirini unatuliza lakini mshale unaburuzika nyuma. Kichujio kinachobana wakati jicho limetulia na kulegea linaporuka ni bora. Kile cha Euro Moja, cha mwaka 2012, kina namba mbili tu za kurekebisha na kinatosha nyumbani. Kisha kuza vitufe. Mtambo wa kutengeneza mwenyewe ukipata digrii moja na nusu umefanya kazi nzuri, na kitufe chenye upana wa sentimita nne hakitaona tofauti.

Mshale unaoruka juu au chini kila mtu anapopepesa ni kitu kingine: kope likishuka nusu, programu inaona nusu ya mboni na kuhamisha kitovu. Tupa fremu ambazo duaradufu limebonyea ghafla, pamoja na sehemu ya kumi ya sekunde kabla na baada yake.

Dalili: mshale umetulia, lakini uko kando

Hapa uliza umbo la kosa.

Mshale umekosea kiasi kilekile kila mahali, tuseme sentimita tatu kulia? Mara nyingi mtu mwingine anatumia kalibresheni ya mwenzake, yaani vile vipimo vinavyopatikana mtu akitazama nukta kadhaa kwenye skrini mwanzoni. Mstari tunaotazamia haupiti katikati ya mboni. Umepinda kwa takriban digrii tano kuelekea upande wa pua, na kila mtu ana pembe yake. Digrii tano kwa sentimita 60 ni zaidi ya sentimita tano. Hakuna uchakataji wa picha utakaoiona pembe hiyo, kwa sababu imefichwa ndani ya jicho. Mtu afanye kalibresheni yake.

Kosa linakua kadiri unavyokwenda kulia na chini? Kabla ya yote, fungua mipangilio ya skrini. Kompyuta imewekwa ikuze maandishi asilimia 125, programu inahesabu kwa pikseli halisi. Hili ni kosa la dakika moja ambalo limeshamsafirisha mtu kutoka Kasulu hadi kwangu na kompyuta mgongoni.

Kosa linabadilika mtu akisogea? Kanuni ya polinomia, ile hesabu ya kugeuza umbali wa mboni na mng'ao kuwa mahali kwenye skrini inayotumika zaidi kwa urahisi wake, inajua tu mahali kichwa kilipokuwa wakati wa kalibresheni. Tuliza kichwa kwa mto. Ukiwa na taa mbili, gawanya umbali wa mboni na mng'ao kwa umbali kati ya ming'ao miwili. Mtu akisogea mbele au nyuma vyote vinakua na kupungua pamoja, na kosa linapungua sana. Ukitaka uhuru kamili wa kichwa unahitaji mfano wa jicho wa pande tatu, ambao kwa kamera moja na taa mbili unawezekana, lakini hiyo si kazi ya jioni moja.

Kosa liko kwenye kona tu? Hesabu nukta zako. Polinomia ya daraja la pili ina namba sita za kutafuta kwa kila mhimili, nukta tano haziwezi kuzitoa. Tumia tisa. Mgonjwa asiyeweza nukta tisa, mpe tano na upunguze polinomia, usimlazimishe.

Kosa linatokea ukifungua ukurasa mweupe baada ya mweusi? Mboni imesinyaa, na inaposinyaa kitovu chake kinahama kidogo. Fanya kalibresheni kwenye mwangaza uleule atakaoutumia.

Dalili: miwani

Inamisha miwani kidogo, au sogeza taa mbali na kamera, au shusha kamera. Mng'ao wa konea ni mdogo na mkali. Wa kioo cha miwani ni mkubwa na hauna umbo la kueleweka, kwa hiyo uchujwe kwa ukubwa. Rangi ya kuzuia mwako kwenye miwani imetengenezwa kwa mwanga tunaouona, usiitegemee. Wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huonyesha nukta ya ziada ndani ya mboni, kutoka kwenye lenzi ya bandia. Si hitilafu, iambie programu ichague iliyo karibu na pale taa inapotarajiwa. Mwenye makengeza, tumia jicho moja tu, lile analotazamia.

Dalili: mshale unachelewa, au picha ina mistari inayotembea

Kuchelewa: laptopu ikiwa kwenye betri hujipunguzia kasi, na kamera kwenye giza huongeza muda wa kila fremu mpaka 30 ziwe 15. Chomeka chaja, ongeza mwanga.

Mistari: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa zinawakawaka mara 100. Weka muda wa kupokea mwanga uwe milisekunde 10 au 20 na mistari inaisha. Kwenye jenereta ndogo haitaisha yote, kwa sababu jenereta yenyewe haishiki 50 sawasawa.

Hapa simama

Infraredi haimfanyi mtu apepese wala akwepe, kwa kuwa haioni. Mwongozo wa kimataifa wa usalama wa taa, IEC 62471, unaweka ukomo wa miliwati 10 kwa kila sentimita ya mraba machoni kwa matumizi marefu. Kaa chini sana ya hapo. Usiweke taa za kamera za ulinzi mbele ya uso, wala leza ya aina yoyote. Kama huna kipimo na unataka kuongeza taa, tafuta mtu mwenye kipimo. Mtumiaji akisema macho yanauma, yanawaka au yanatoa machozi, zima. Asiyeweza kusema, mkubaliane ishara ya "zima" kabla ya kuwasha.

Mambo mengine si ya fundi. Kwenye njia ya mboni inayong'aa kila mboni ni nyeupe, usitishike. Lakini ukiona weupe ndani ya mboni kwa mwanga wa kawaida, hasa kwa mtoto, mpeleke kwa daktari wa macho bila kungoja. Vivyo hivyo kwa nyama inayoota kutoka pembe ya jicho kuelekea mboni, kope zinazokwaruza jicho kwa ndani, au macho yaliyoanza kuchezacheza yenyewe. Mboni moja ikiwa kubwa ghafla kuliko nyingine, tena mtu ana kichwa kinachouma au upande mmoja umelegea, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Ukinipigia simu kwa lolote lililobaki, uwe na fremu ghafi mia moja, nanomita za taa zako, umbali kutoka jichoni hadi kwenye lenzi uliopimwa kwa futi kamba, na saa tatizo lilipoanza.